Zodiac (2007): watazamaji wanasema "haina mwisho". Kasoro ni ya filamu au ya namna inavyoonyeshwa?

Mwana wa Kijenge (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Uzi huu unafichua mwisho wa filamu, kwa hiyo ambaye hajaiona na anataka kuiona apite kwanza.

Kikundi chetu cha filamu hapa Arusha kinataka kuonyesha Zodiac ya David Fincher, inayohusu muuaji wa kweli wa California aliyejiita Zodiac, kwenye ukumbi wa watu 60, halafu tuijadili. Wanachama walioitazama kwenye onyesho la majaribio wamegawanyika vibaya. Wengine wanasema hawajaona filamu ya upelelezi iliyotulia kama hii, wengine wanasema wamepotezewa muda. Wanaolalamika wanasema muuaji hakamatwi. Dakika 157 ni nyingi. Baada ya dereva teksi kuuawa hakuna mauaji tena, ni watu kuongea maofisini tu. Muuaji hafanani kutoka tukio moja hadi jingine. Na polisi wanaonekana wazembe. Pia picha ilikuwa nyeusi mno na maneno hayakusikika vizuri.

Naomba wanaoijua filamu hii kwa undani watusaidie kutenganisha. Lipi ni kosa la filamu kweli, lipi ni mazoea ya mtazamaji, na lipi tunaweza kulirekebisha ukumbini? Na je, tutumie sabutaito za Kiswahili au tumtafute DJ wa kutafsiri?

Mzee wa Fremu

Mkuu, hayo malalamiko usiyatie kapu moja. "Haina mwisho" ni jambo moja na "ni ndefu" ni jingine, ingawa mtazamaji huyatamka kwa pumzi moja.

Filamu za muuaji wa mfululizo zina makubaliano ya kimyakimya na watu waliokaa vitini. Maiti mapema, fununu katikati, steringi anakosea mara moja, kisha anakutana na adui uso kwa uso na mmoja anaanguka. Mtu aliyekulia kwenye mabanda ya video ya Ngarenaro au Majengo anaijua ratiba hiyo hata ukimwamsha usiku. Zodiac inaanza kana kwamba itaifuata. Usiku wa Julai 4, 1969, Vallejo, vijana wawili kwenye gari, risasi, kisha muuaji mwenyewe anawapigia polisi simu. Inafuata barua kwa magazeti matatu ikiwa na fumbo la alama 408, halafu Ziwa Berryessa Septemba 27, halafu dereva teksi Paul Stine anapigwa risasi San Francisco Oktoba 11. Hapo mauaji yanakwisha, na zaidi ya nusu ya filamu bado iko mbele yako. Kinachofuatiliwa kuanzia hapo ni jalada na watu wanaoliwa nalo.

Tatizo la pili ni kwamba steringi ni watatu. Kuna Avery mwandishi wa habari (Robert Downey Jr.), Toschi mpelelezi (Mark Ruffalo) na Graysmith mchora katuni wa gazeti (Jake Gyllenhaal). Watazamaji wengi wanamshika Toschi kwa sababu ana beji na bastola. Filamu inamtoa taratibu, Avery anazama kwenye pombe, na anayebaki ni mchora katuni asiye na silaha wala kibali cha mtu yeyote. Hapo ndipo ukumbi huanza kutoa simu mfukoni. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuwasha, waambie watu kwa sentensi mbili kwamba huyu kijana anayechungulia mezani kwa wenzake chumba cha habari ndiye wa kumfuata mpaka mwisho. Usiseme zaidi ya hapo.

Kuhusu muuaji kutofanana, hilo limefanywa kwa makusudi. Kwenye mashambulio tofauti walitumika waigizaji tofauti, kwa sababu mashahidi wa kweli walimweleza tofauti. Lile shambulio la Desemba 20, 1968, barabara ya Lake Herman, halionyeshwi kabisa, maana hakuna aliyebaki hai kulisimulia. Filamu inakuonyesha kile tu ambacho mtu fulani aliweza kukitolea ushahidi. Jambo hili lisemwe baada ya filamu. Ukilisema kabla utaharibu.

Kuna tukio moja linalojibu malalamiko ya mwisho, na watu wengi hulipita bila kulitilia maanani. Toschi anakaa kwenye ukumbi wa sinema akitazama Dirty Harry, filamu ya mwaka 1971 iliyochota kwenye mauaji haya haya, ambayo polisi wake anammaliza muuaji kwa risasi. Toschi anashindwa kuitazama, anatoka nje. Fincher ameweka ule mwisho tunaoutaka sote ndani ya filamu yake, kisha akamwonyesha mpelelezi wa kweli akiukimbia. Mtu akilalamika kwamba adui hakupigwa risasi, mrudishe hapo.

Sasa urefu. Hapa nawaunga mkono walalamikaji kwa sehemu. Graysmith akianza kuzunguka ofisi moja hadi nyingine, hatua ni zile zile: anabisha hodi, anakataliwa, anapewa kipande, anaelekezwa kwingine. Kama kuzunguka huko kungepunguzwa kidogo, hakuna taarifa ambayo ingepotea. Lakini msikate wenyewe! Wapo watu wanaruka vipande kwa rimoti ili kuwahi, na hapo ndipo jina la mtuhumiwa hupotea halafu mwisho hauna maana kabisa. Onyesheni yote, muweke mapumziko ya dakika 15 kwenye ule mruko wa miaka minne. Pale hadithi yenyewe inavuta pumzi.

Na wanaosema haina hofu, waambie wasubiri chumba cha chini ya nyumba. Graysmith amekwenda kwa fundi wa sinema akiamini mwandiko kwenye mabango ya filamu ni wa mtu mwingine. Mwenyeji anamwambia kwa upole kwamba mabango yale aliyaandika yeye mwenyewe, halafu anamkaribisha washuke chini. Hakuna damu pale, hakuna anayekimbizwa. Kuna ngazi, taa hafifu, na mlio wa sakafu juu ya vichwa vyao. Tukio zima linasimama juu ya mlio huo. Jenereta ikiwa inanguruma dirishani, watu watauliza kuna nini hapo cha kuogopa, na watakuwa na haki.

Wakili Soweto, Moshi

Naongeza kwenye lile la polisi wazembe, kwa sababu nadhani mtazamaji wa kwetu anakosa kitu kimoja ambacho Mmarekani anakijua bila kuambiwa.

Sisi tuna jeshi moja la polisi. Tukio likitokea Machame, la pili Moshi mjini, la tatu Usa River na la nne Kaloleni Arusha, wahusika ni makamanda wa mikoa miwili, kila mmoja ana mkuu wake wa upelelezi wa mkoa, lakini wote wako chini ya IGP mmoja na upelelezi wote uko chini ya DCI mmoja. Majalada yanaweza kuitwa mezani kwa mtu mmoja. California haiko hivyo. Lake Herman ilikuwa ya sherifu wa Solano, Blue Rock Springs (lile shambulio la Julai 4) ya polisi wa mji wa Vallejo, ziwa Berryessa la sherifu wa Napa, teksi ya polisi wa San Francisco. Ofisi nne zisizokuwa na bosi wa pamoja, kila moja imeshika kipande chake cha ushahidi. Ndiyo maana kuna mazungumzo yale ya simu ya kuulizana nani ana telefaksi na nani atume kwa posta. Mtu asiyejua mgawanyo huo anaona watu wazima wanazungushana bure.

Ushauri: chapisheni karatasi moja, upande mmoja tu, yenye ramani ya mkono ya maeneo manne, tarehe nne na jina la ofisi inayohusika kila mahali. Chini wekeni majina sita: Graysmith, Avery, Toschi, Armstrong (mpelelezi mwenzake Toschi), Mulanax (mpelelezi wa Vallejo) na Allen (mtuhumiwa mkuu), kila jina na kazi yake. Isipokuwa Allen, yeye aandikwe jina bila maelezo. Herufi ziwe kubwa, ukubwa wa 16 hivi, maana itasomwa gizani wakati wa mapumziko.

Uzembe wa kweli upo mmoja, nao haufichwi. Usiku wa teksi, maelezo ya mshukiwa yaliyotoka kwenye redio ya polisi yalisema ni mtu mweusi, na askari wa doria wakampita mzungu aliyekuwa akitembea karibu na eneo. Kosa la neno moja redioni. Hilo lina mjadala wake mrefu na msiliruke, hasa vijana wakiwepo.

Kuhusu "kwa nini hawakumkamata Allen wakati kila kitu kinamwonyesha yeye", wekeni ushahidi kwenye mizani kama mahakama ingefanya. Mazungumzo yake kazini na saa yake yenye chapa ya Zodiac ni ushahidi wa mazingira tu. Alama za vidole hazikulingana. Mtaalamu wa mwandiko alimwondoa. Kinachobaki ni Mike Mageau, majeruhi wa Julai 1969, anayemtambua kwenye picha mwaka 1991. Wanasheria wetu hapa wana kipimo wanachokijua wote, rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980: utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kuliko wote, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Inaulizwa shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, na alimjua kabla au la. Mpitisheni Mageau humo. Usiku, tochi imemlenga machoni, risasi zinaingia, halafu imepita miaka 22. Na mwenyewe akiulizwa uhakika wake kwa kipimo cha kumi, anajibu angalau nane. Kwa mauaji, hapa kwetu adhabu ni kunyongwa. Nane haitoshi.

Nyingine ya haraka: onyesho la hadharani linahitaji ruhusa ya mwenye haki ya filamu, na Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa kibali na kupanga daraja la umri. Fuatilieni mapema. Watoto wasiingie hata kama wamekuja na mzazi, kwa sababu ya tukio la ziwani.

Fundi Sakina

Picha nyeusi na maneno kutosikika, yote mawili yanatibika, na mengi ya "filamu inachosha" yanatokea hapa. Mtu akikosa kuona uso na kukosa kusikia neno kwa saa nzima, lazima asinzie.

Picha kwanza. Filamu hii ilipigwa kwa sehemu kubwa na kamera ya dijitali, na matukio ya usiku yameachwa na giza la kweli: taa ya barabarani, taa ya dashibodi, basi. Projekta za bei ndogo zinazoandikwa lumeni 9000 kwenye boksi, mwanga wake halisi mara nyingi ni mia chache tu. Tafuteni iliyopimwa kwa ANSI (kipimo rasmi cha mwanga wa projekta), lumeni 3000 au zaidi, kwa kitambaa cha upana wa mita 2.5. Msivutwe na kitambaa kikubwa. Ukiongeza upana kutoka mita 2.5 hadi 3.5, eneo linakaribia kuwa maradufu na mwanga ule ule unagawanyika humo.

Halafu angalieni mpangilio wa kompyuta, hapa ndipo wengi wanaanguka. Kompyuta ikituma rangi kwa kiwango kamili cha 0 hadi 255 kwenye waya wa HDMI, na projekta inangoja kiwango cha 16 hadi 235, vivuli vyote vinageuka weusi mtupu. Nywele, koti na kiti cha gari vinakuwa kitu kimoja. Ikiwa kinyume chake, nyeusi inakuwa kijivu kama vumbi. Ingieni kwenye mipangilio ya kadi ya picha na ya projekta, muweke vyote viwili kiwango kimoja. Kisha chagueni hali ya Sinema, si ile ya mwanga mkali kabisa ambayo hufanya sura za watu kuwa za kijani. Jaribuni na tukio la kwanza la gari usiku: kama hamuoni mstari wa bega la kijana dhidi ya kiti, bado.

Muda wa kuanza nao una hesabu yake. Jua la Arusha linazama kama saa 12 na nusu jioni. Filamu inafunguka na usiku. Mkianza saa 12 kamili na madirisha yana pazia jepesi, dakika 40 za mwanzo, yaani karibu mauaji yote, zinapotea kwenye mwanga. Mkianza saa 1, dakika 157 na mapumziko 15 zinawapeleka karibu saa 4 kasoro, bado mjadala, na daladala za kwenda Usa au Ngaramtoni zimeshapungua. Mimi ningeanza saa 12 na kuziba madirisha kwa turubai nyeusi au kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili, kigonge ukuta pande zote. Mwanga unaopenya pembeni ndio unaoua picha.

Sauti: nakala nyingi zina njia sita, na mazungumzo yamewekwa njia ya katikati. Mkiunganisha spika mbili bila kuiambia programu ichanganye zote kuwa stereo, mnapata muziki na magari, maneno yanakuwa kama mtu yuko chumba cha pili. Kwenye mipangilio ya sauti chagueni stereo, siyo 5.1. Kwenye mikisa punguzeni besi, pandisheni kidogo eneo la kati ya kilohezi 2 na 4, hapo ndipo konsonanti zilipo. Spika ziwe pande mbili za kitambaa, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, zikiangalia safu ya katikati. Msiziweke nyuma ya watu.

Kama paa ni bati bila dari, epukeni miezi ya Machi hadi Mei. Mvua ya masika ikishuka hapa au Moshi, hakuna spika ya ukumbi wa watu 60 itakayoishinda, na kile chumba cha chini anachokisifu Mzee wa Fremu kimekwisha.

Umeme: muwe na UPS ya kubeba projekta na kompyuta kwa dakika chache, ili jenereta iwashwe au projekta ya taa izimwe kwa utaratibu na ipoe. Kuizima ghafla ikiwa moto kunafupisha maisha ya taa. Jenereta ikae nyuma ya jengo, mbali kadiri waya wa milimita 2.5 unavyofika bila kupoteza nguvu, na moshi wake usielekee dirishani.

Na muwe makini na toleo. Lile la mwongozaji lina dakika 162, na kwenye mruko wa miaka humo skrini inakuwa nyeusi kabisa kwa muda mrefu huku zikisikika sauti za redio na muziki wa miaka hiyo. Kwa ukumbi wa Tanzania hilo lina matokeo ya uhakika: watu watapiga kelele kwamba umeme umekatika na fundi ataanza kugusa nyaya. Mtangazie fundi wenu mapema, au tumieni toleo la dakika 157.

Binti Rau

Nakubaliana na mengi hapo juu, ila Mzee wa Fremu ameipa filamu upole ambao haistahili kwenye jambo moja. Kasoro yake kubwa haiko kwenye urefu. Inadai kuheshimu ushahidi, halafu inakusukuma umwamini Graysmith. Imejengwa juu ya kitabu chake mwenyewe, na kitabu kilikuwa na mtu wake tayari. Tazameni jinsi Allen anavyopigwa picha kwenye mahojiano ya kiwandani: amekaa wapelelezi watatu wamemzunguka, kamera inashuka kwenye buti, inashuka kwenye saa, inangoja. Kamera imeshahukumu. Halafu karibu na mwisho Graysmith anamkazia macho dukani, na muongozaji anatupa utulivu ule wa "tumempata".

Maandishi ya mwisho yanasema Allen alikufa mwaka 1992 kabla ya kushtakiwa, na kwamba chembe za vinasaba zilizopatikana mwaka 2002 kwenye bahasha hazikulingana naye. Ni mistari michache ya maandishi dhidi ya zaidi ya saa moja ya picha. Mtu wa kawaida anatoka ukumbini akisema "alikuwa yule mnene". Mtu ambaye hakuwahi kuthibitishwa. Hapo mimi naona filamu imeshindwa na ahadi yake yenyewe, na mjadala wenu ukifumbia macho hilo utakuwa wa kusifu tu.

Kuna mfano wa filamu iliyofanya hivyo kwa uangalifu zaidi: Memories of Murder ya Bong Joon-ho, ya mwaka 2003, kuhusu mauaji ya Hwaseong, Korea Kusini, ya 1986 hadi 1991. Nayo haina mwisho. Lakini wakati inatengenezwa haikumkabidhi mtazamaji mtu wa kumchukia. Iliwaonyesha polisi wakiwapiga washukiwa ili wakiri, na ikaacha aibu hiyo ibaki kwao. Mwaka 2019 vinasaba vikamtaja Lee Choon-jae, aliyekuwa tayari gerezani kwa mauaji mengine, na mtu mmoja aliyekaa gerezani miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji yale akasafishwa na mahakama Desemba 2020. Kwa kuwa watu wetu wamezoea tamthilia za Kikorea, ingekuwa rahisi zaidi kwao kuliko hii. Ningeionyesha hiyo kwanza, Zodiac wiki inayofuata.

Jambo moja naisifia Zodiac bila kusita. Cecelia Shepard, msichana anayeshambuliwa pale ziwani, hafanywi pambo. Ni mchana kweupe, muuaji anaongea taratibu, wao wanajaribu kumtuliza, na tunabaki na nyuso zao badala ya kisu. Damu nyingi kwenye filamu hii iliongezwa kwa kompyuta, na bado haijamwagwa ovyo. Mtu akisema filamu "haina action", muulizeni kama aliweza kulitazama tukio hilo mpaka mwisho.

Mwana wa Kijenge

Asanteni sana, dada Binti Rau hilo la mizani ya kamera tutaliweka kwenye mjadala moja kwa moja. Karatasi ya ramani tumeshaikubali. Bado swali la lugha halijajibiwa: DJ au sabutaito? Nusu ya watu wetu Kiingereza cha haraka hakiwaingii.

Mtafsiri wa Pasua

Sabutaito, kwa filamu hii hasa. Wala simdharau DJ; kwa filamu za ngumi na za Kihindi anafanya kazi kubwa na watu wanamfuata yeye kuliko waigizaji. Lakini kazi ya DJ ni kukuongoza: "huyu ndiye adui, mtazameni." Zodiac inamficha adui uso, inabadilisha mwigizaji, inakuacha usijue. DJ atampa sauti moja nzito kila akitokea, na kwa sauti hiyo ameshatatua kesi ambayo San Francisco haijaitatua. Pia atafunika mlio wa sakafu. Ukimya kwake ni nafasi ya kusema.

Kutengeneza sabutaito, shikeni haya. Kiswahili kinakula nafasi, neno moja linabeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo msitafsiri kila kitu. Mistari miwili tu kwa mara moja, herufi kama 40 kwa mstari, na kasi isizidi herufi 15 kwa sekunde kwa watu wasiozoea kusoma skrini. Wapelelezi wakipokezana haraka, punguzeni salamu na viapo, bakizeni jina, tarehe na kielelezo. Neno "alama za vidole" lisigeuke "ushahidi" kwa ajili ya kufupisha, kwa sababu baadaye ndilo linalomtoa mtu kwenye hatia.

Barua za muuaji zinaonekana kwenye picha, nyingine zikisomwa na nyingine hazisomwi. Zile zisizosomwa nazo ziwekewe tafsiri, ila kwa herufi za mlalo, watu wajue ni maandishi. Makosa ya tahajia ya muuaji msiyaige; mtazamaji atadhani ni yenu. Tarehe na maeneo yanayotokea chini ya picha yatafsiriwe kila mara, haya ndiyo watu hupotea wakiyakosa. Kwa kuwa picha ni pana sana, chini kuna ukanda mweusi: shusheni maandishi humo, kwa rangi ya manjano hafifu, msikae juu ya picha yenye giza.

Kosa linalowapata wengi ni muda kuhama. Faili ya sabutaito iliyotengenezwa kwa fremu 25 kwa sekunde ikiwekwa kwenye nakala ya 23.976, inatangulia taratibu. Mwanzoni huoni kitu, mwishoni imepishana kwa zaidi ya dakika 6. Kuisogeza mbele au nyuma hakusaidii, lazima ubadilishe kasi ya fremu kwenye programu ya kuhariri. Ikiwa sawa mpaka ule mruko wa miaka halafu inapishana ghafla, basi faili ni ya toleo la dakika 157 na filamu yenu ni ya 162. Hifadhini kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi). Na mkague sehemu tatu: mwanzo, chumba cha chini, na utambuzi wa picha mwishoni.

Mzee wa Fremu

Binti Rau amenibana na ana hoja. Sitetei kamera ya pale kiwandani. Ila nafikiri ukumbi unaweza kuitumia kasoro hiyo badala ya kuisikitikia.

Fanyeni hivi. Mageau anapotambua picha mwaka 1991, na akishataja ile nane yake, simamisheni filamu. Washeni taa nusu. Ulizeni swali moja tu: kwa mliyoyaona, mngemtia Allen hatiani? Mikono juu, hesabuni, andikeni idadi ubaoni. Msiruhusu mtu kujieleza bado. Zimeni taa, endeleeni mpaka maandishi ya mwisho yote yasomwe, kisha pigeni kura ya pili kwa swali lile lile kabla hamjasikia neno la mtu yeyote. Mjadala uanzie kwa waliobadilisha mkono: ni kielelezo kipi kiliwabadilisha, na je, hakikuwepo tayari tangu zamani kwenye filamu? Alama za vidole na mwandiko vilishasemwa mapema kabisa. Waliosahau waulizwe ni kitu gani kilichowasahaulisha. Hapo hoja ya kamera itatoka midomoni mwao wenyewe. Wakili naye aje na kipimo chake cha mwaka 1980.

Mtu akiuliza habari za fumbo la pili, lile la alama 340, lilifumbuliwa Desemba 2020 na watu watatu wasio polisi, kutoka Marekani, Australia na Ubelgiji. Ndani yake hakuna jina.

Fundi anayesimamisha awe na mkono mwepesi. Maandishi yanaingia muda mfupi baada ya Mageau kumaliza. Akichelewa, mstari wa kwanza utasomwa na kura ya kwanza haitakuwa na thamani. Aandike dakika na sekunde kamili za nakala yenu siku ya majaribio, na kipanya kikae mbali na skrini, kwa sababu wachezeshaji wengi wa video huonyesha ukanda wa muda ukikigusa tu, na watu wakiona zimebaki dakika mbili wataanza kusimama.

Mwana wa Kijenge

Imepokelewa. Toleo la dakika 157, saa 12 jioni, turubai dirishani, sabutaito. Memories of Murder tunaitangulizia wiki moja kabla kama alivyoshauri dada. Karatasi ya ramani ikikamilika nitaiweka humu mwikague majina na tarehe kabla hatujachapisha.